Mechi Iliyosimamisha Kinu

Jumatatu, 17 Oktoba

Kazi saa kumi na mbili mfululizo kwenye kinu cha kuchambulia pamba. Pamba imejaa uani mpaka barabarani. Jioni bosi Tidwell katangaza: Ijumaa ya tarehe nne Novemba kinu kitasimama. Kisa? Mpira! Ule wa Kimarekani, wa kudaka kwa mikono na kukimbia nao. Sekondari ya hapa Pruitt wanacheza na mahasimu wao, Sandy Fork.

Miaka yote mechi hii huchezwa Septemba, sisi tukiwa bado kwetu Oaxaca, ng'ambo ya mpaka, na kinu kimelala. Mwaka huu chama chao kimepanga upya makundi, imeangukia Ijumaa ya mwisho wa msimu wa mpira — pamba ikiwa shingoni. Wazee wa hapa wamefurahi kama wameona mvua. Mmoja dukani alisema Septemba ni ya kunyoosha misuli tu. Hasimu apigwe mwisho, apate majira mazima ya baridi ya kulia.

Nikamwambia shemeji Fidencio: tutalala, bwana! Nyapara Stokes akasikia. Akacheka. Tukalale kwetu, alisema. Siku hiyo sisi wawili tutasafisha misumeno ya kinu.

Alhamisi, 27 Oktoba

Mgongo. Vumbi kifuani.

Stokes hana habari nyingine, ni mechi tu. Miaka ishirini na sita iliyopita, akichezea Pruitt, alidondosha mpira hatua mbili kabla ya mstari wa pointi, Sandy Fork wakashinda. Mji haujasahau. Wanamrushia vitu: "Stokes, daka hii!" Leo dereva mmoja kamrushia kopo la grisi. Likampita. Fidencio akacheka — kwa sauti, mjinga!

Stokes hakumgusa dereva. Alimwambia Fidencio avue shati alifutie grisi sakafuni, kisha alivae. Kalivaa. Watu wakapiga makofi.

Nilimkanya: "Shemeji, funga mdomo, tumalize msimu." Akasema: "Nimeufunga miaka miwili, shemeji. Umeniletea nini?" Ni mimi niliyemwombea kwa dada yake, mke wangu, nikaapa nitamrudisha mzima.

Alhamisi, 3 Novemba

Sandy Fork wamekuja usiku na rangi nyekundu. Marobota ishirini na moja yamepakwa, na ukutani wameandika: STOKES, DAKA.

Geti lilikuwa halina kufuli. Stokes akaenda kwenye swichi kuu ya kinu, akatoa kufuli lake — lile tunalofungia swichi mtu akiwa ndani — akafungia geti. Fidencio akauliza, na swichi je? Yeye ndiye mwembamba, yeye ndiye huingia katikati ya misumeno.

"Swichi italindwa na huyu," Stokes akasema, akinigonga kifua. "Mechi inaanza saa moja. Hatuwashi kabla ya saa nne. Au unaogopa, mwanamwali?"

Hasa. Anaogopa. Mimi pia.

Jumamosi, 5 Novemba

Nitaandika yote. Hakuna atakayesoma.

Jana saa kumi na mbili na nusu jioni mji mzima uliondoka kwenda mechini, Stokes naye. Kimya. Sijawahi kusikia kinu kile kimya. Fidencio akaingia na brashi na taa ya kichwani, nami nikakaa chini ya swichi. Alikuwa akiimba kule ndani.

Kibandani kwa Stokes redio ilikuwa imeachwa imewashwa. Mtangazaji analia. Sandy Fork kumi na sita, Pruitt sifuri. Ishirini na nne. Thelathini na mbili. Nilitaka kusikia. Nilitaka kusikia wanavyochinjwa — shati lile, makofi yale, wote! Nikamwita Fidencio: "Shemeji, wanakufa!" Akajibu niende nikamletee matokeo. Nikaenda. Hatua hamsini, labda.

Arobaini. Arobaini na nane kwa sifuri, wakaenda mapumziko. Nilicheka mpaka nikakaa kwenye kiti cha Stokes. Redio ikapiga matangazo, kisha muziki. Nikangoja kipindi cha pili.

Hakikuwepo. Pruitt ni mji mdogo, wanacheza wachezaji sita kwa sita, na sita kwa sita ukiachwa pointi arobaini na tano mapumzikoni, mchezo unakatwa. Kila mtoto wa hapa anajua. Mimi ningejuaje? Nilikuwa sijawahi kuwapo mechi ikichezwa.

Lori la Stokes niliona taa zake, nikadhani ni la mlinzi. Saa mbili na robo. Aliingia kwa mlango wa nyuma. Hakupiga honi, hakuita. Nadhani alitaka kelele za kinu tu, asisikie watu wakimcheka. Akawasha.

Mkono wa kulia wa Fidencio. Mpaka juu ya kiwiko.

Jumapili, 6 Novemba

Kanisani walimwombea kocha wa Pruitt.

Stokes kaja chumbani na karatasi. Imeandikwa kuwa ajali ilitokea saa nne na dakika kumi. Kwamba Fidencio aliingia kinuni bila ruhusa, hakufunga swichi kwa kufuli. Nikasema mji mzima unajua mechi iliisha saa ngapi. Akasema mji mzima hautaki kuizungumzia mechi ile, jaribu kumuuliza yeyote.

Kisha akasema taratibu, karibu kwa huruma: "Nilikukuta kwenye kiti changu. Nilimwambia bosi? Sikumwambia." Saini, na mwakani una nafasi. Usiposaini, kila mtu ataeleza alikuwa wapi.

Kaiacha mezani.

Jumanne, 8 Novemba

Kinu kinaunguruma. Wameleta mwembamba mwingine.

Fidencio karudi leo kutoka hospitali. Amekuwa mdogo. Hajaniuliza kitu mchana kutwa, nimemlisha supu na tortilla, chapati zetu za mahindi, akala. Dada yake amepiga simu mara tatu, sijapokea.

Sasa hivi kaiona karatasi. Kiingereza hajui. Kaliona jina lake, kaligusa kwa kidole cha kushoto.

"Shemeji, nisomee."

Nimemwambia asubiri, nimalize kuandika. Amekaa kitandani pake ananitazama. Anasema leo naandika sana.

Naam, shemeji. Kidogo tu. Bado naandika.