Maelezo Kuhusu Ovaroli Yenye Mfuko wa Njano

MAELEZO YA SHAHIDI

Anaitwa: Mama Vifungo (jina kamili limo jaladani)
Umri: Miaka 43
Kazi: Fundi cherehani
Makazi: Nyumba ya nyuma ya ghala la saruji, chumba cha pembeni

Mimi ni mke wa fundi wa kuchomelea vyuma ambaye kazini walimwita Cheche. Tuna binti mmoja. Mume wangu aliajiriwa na Kampuni ya mafuta na gesi tangu ilipokuwa na kisima kimoja tu hapa kwetu. Mimi huishonea Kampuni hiyo ovaroli: nabandika nembo na majina kifuani, naziba zilizochanika.

Mwaka jana Kampuni ilitangaza kwamba imeingia nchi jirani, na haikupita muda ikaingia nyingine. Nembo zote zikabadilishwa, ikaja yenye mchoro wa dunia. Nilizishona hadi vidole vikaota sugu. Mume wangu alinitania kwamba hawa wakimaliza nchi watachimba mwezi, na nembo ya mwezi nitaishona mimi huyu huyu.

Mnamo tarehe 6 mwezi wa tatu alipangiwa kituo kipya cha nchi jirani. Kabla hajaondoka nilimtilia mfuko wa ndani kwenye ovaroli yake, upande wa kushoto chini ya kwapa, wa kuwekea chaki anayochorea alama kwenye vyuma, kwa sababu mifuko ya nje humwaga vitu akiinama. Sikuwa na kitambaa kingine, nikakata gauni la njano la binti yetu lililokuwa limembana. Aliingiza mkono akasema, "Humu ndani ni nyumbani."

Alikuwa akipiga simu kila Jumapili. Mara ya mwisho ilikuwa tarehe 19 mwezi wa tano. Alisema wakubwa wanataka gesi ipite kwenye bomba kabla ya siku ya ufunguzi, na kwamba pale wanapochomelea kuna harufu isiyompendeza. Nikamwambia amweleze msimamizi. Akacheka, akasema msimamizi naye ana pua.

Jumapili iliyofuata hakupiga. Kimya kingi kina mshindo, lakini mshindo wenyewe sikuusikia. Nilikwenda ofisini zaidi ya mara moja. Meneja wa wafanyakazi alinipokea vizuri, akanipa kiti na maji. Alisema mume wangu amehamishiwa nchi ya tatu, porini, na huko hakuna mtandao. Nilimwomba nisikie sauti yake tu. Akaniambia, "Kampuni inakua, mama. Ikikua, watu wake nao huenda mbali." Ukutani nyuma yake kulikuwa na ramani yenye vibendera. Kila nilipokwenda nilikuta vimeongezeka.

Mnamo tarehe 2 mwezi wa saba, saa nne asubuhi, mtunza stoo wa Kampuni aliniletea kiroba cha ovaroli. Huyu tunafahamiana, huniita shemeji. Siku hiyo aliniita fundi. Zilikuwa saba, zimefuliwa kwa sabuni kali, majina yamebanduliwa huko huko stoo. Alitaka niziunge na kubandika nembo, zinapelekwa kwa waajiriwa wapya wa nchi ya nne. Nilipouliza zimepatwa na nini, akasema zimeliwa na mashine ya kufulia. Chai niliyomkaribisha hakuigusa.

Afande, mashine huvuta kitambaa, nyuzi zikabaki zinaning'inia. Hizi zilikatwa kwa mkasi, zote kwa mstari mmoja, kutoka shingoni hadi mguuni. Hivyo ndivyo nilivyomkatia marehemu baba shati siku aliyoanguka kutoka juu ya paa, kwa kuwa hakuweza kuinua mikono.

Sita nilizimaliza siku hiyo, zikachukuliwa jioni. Uzi uliniishia, ya saba ikalala kwangu.

Kesho yake saa moja na nusu asubuhi niliishika hiyo ya saba niigeuze ndani nje. Mkono wangu ukaingia kwenye mfuko. Ulikuwa wa njano. Chaki iliyeyuka katika kufuliwa, ikakauka humo kama ganda. Mshono ni wangu, kwenye kona huwa narudia mara mbili.

Nilimpigia mtunza stoo. Nilimuuliza, "Shemeji, mwenye hii yuko wapi?" Nilisikia akifunga mlango. Kisha akasema, "Ishone, shemeji. Nakuomba. Mlee mtoto."

Sikuishona. Nimekuja nayo kama nilivyoletewa. Binti yangu bado anajua baba yake hana mtandao. Naomba kuonyeshwa mume wangu alipo. Kama amelazwa, nikamuuguze, na kama ni kaburi, nilione. Na ovaroli hii naomba isiungwe, aagize mkubwa yeyote yule.

Niliyo nayo ni hayo, nimeyasema kwa hiari yangu, na ni ya kweli.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

Maelezo ya askari: Nimemsomea shahidi maelezo haya, amekiri ni sahihi. Nimepokea ovaroli moja, buluu, iliyokatwa mbele, ina mfuko wa ndani wa njano. Saa tano na robo, kabla sijaiandika kwenye daftari la vielelezo na kabla sijamwarifu mtu yeyote, mwanasheria wa Kampuni alifika kaunta akiulizia ovaroli moja iliyopotea. Nilimjibu kwamba hapa hatupokei nguo za kushona. Amekaa kwenye benchi la nje, anasubiri. Shahidi nimemtoa kwa mlango wa nyuma.