Kiazi cha Dennis na Mafuta ya Yeyo

Jumatatu, 8 Mei 2006
Tumerudi Kitengela kutoka hospitali ya Kajiado. Damu ya mwanangu Dennis ilipotulia kwa chupa ilikuwa nyeupe juu, kama maziwa. Ni mafuta! Mwili wake hauwezi kuyavunja, yanajaa kwa damu, tumbo linawaka. Ana miaka miwili tu. Maziwa basi. Nyama nono basi. Kwa boma la Wamasai! Mume wangu Saning'o alicheka, halafu akaenda kuangalia ng'ombe wake.

Jumatano, 10 Mei
Nimempigia Nakhumicha, dada wa lishe pale hospitali. Mtoto ale nini sasa? Viazi, akasema, vya kuchemsha, viive kabisa. Akaniambia na kitu kingine, kimekataa kunitoka kichwani. Kiazi kiko na protini — uzi mrefu umejikunja kama donge la sufu. Hilo donge, kwa maabara, linavunja mafuta. Wengine wamelisha panya protini ya kiazi, mafuta ya damu yakashuka.
Lakini usishike hapo, mama Dennis, akaniambia. Mtoto si panya. Na ukichemsha, uzi unakunjuka, kazi yake imeisha.
Basi nimpe kibichi?
Wee! Unataka kumwongezea tumbo lingine?

Ijumaa, 12 Mei
Nimeepua kiazi mapema. Kigumu ndani. Labda donge moja tu libaki limejikunja! Dennis ametema. Nikamshika kidevu — kula, baba. Amelia mpaka sauti ikaisha.
Yeyo, mama ya Saning'o, akaingia wakati huo huo. Takwenya! akanisalimia kwa Kimasai. Nikaitikia na sufuria mkononi. Akabonyeza kiazi. Ati mtoto amebaki mifupa, na mimi namlisha mawe.
Nimemwambia: Yeyo, mafuta hapana. Hata tone.
Amesema amesikia.

Jumapili, 14 Mei
Nilienda kuteka maji. Kurudi, Dennis anacheka kwa mapaja ya Yeyo. Midomo inang'aa.
Mafuta ya kondoo! Ile ya kuyeyushwa, wanayompa mama aliyezaa na mtoto aliyekonda. Aliificha ndani ya shuka. Mafuta ni ya kupikia, akasema, hii ni dawa. Saning'o alipougua surua ni hii ilimwinua.
Sikupiga kelele. Dennis alikuwa hajacheka wiki nzima.

Jumatatu, 15 Mei
Kajiado tena. Tumbo gumu kama ngoma. Nakhumicha ameuliza alikula nini na nimesema yote, hata viazi vyangu. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.
Wametoa damu. Chupa imesimamishwa mezani. Nyeupe inapanda, nene kuliko ile ya kwanza.
Yeyo naye anaitazama. Ameniuliza polepole: hiyo ni yangu?
Nimemwambia ashike mguu wa Dennis, uko baridi. Ameushika kwa mikono yote miwili.
Wanatafuta mshipa wa kumwekea dripu. Dennis amejikunja, magoti kifuani. Namkunjua vidole, kimoja kimoja, anavirudisha —