Saa ya Baba Yenye Mwezi

Ilemela,
Mwanza.
20 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Nathaniel,

Habari za huko Uswisi? Natumaini baridi imekuachia na kile kifua chako kimetulia. Sisi tupo. Mwanangu Gladness anakohoa kila ikifika zamu yake ya kuosha vyombo, mimi nina magoti yangu yaleyale, na habari za baba nitakueleza.

Mahindi mwaka huu ni ya kubahatisha. Chumba cha nyuma tumekiezeka upya, hakivuji tena.

Sasa ile saa uliyomletea baba Krismasi. Tangu uondoke aliivua wakati wa kuoga tu. Kila mgeni lazima aonyeshwe kidirisha chenye mwezi, na msemaji ni baba mwenyewe: leo mwezi umejaa, vijana wa dagaa wanashona nyavu, leo giza, taa zinaingia ziwani. Hakukosea hata siku moja. Nikasema zawadi imempata mwenyewe, maana mtu huyu amevua dagaa maisha yake yote, na dagaa huvuliwa kwa taa usiku usio na mwezi.

Mwezi wa tano tulikuwa na msiba Usagara, kwa shangazi. Baba akaogopa saa isije ikapotelea kwenye umati, akaifungia sandukuni. Kumbe haina betri, huendeshwa na mwendo wa mkono, ikilala, inasimama. Tuliporudi, Gladness alirekebisha mishale kwa kutazama simu. Mwezi hakuugusa, hajui unageuziwa wapi.

Jioni hiyo akaja Mzee Chenge, jirani yetu aliyekuwa akivua na baba. Baba akamnyooshea mkono: leo giza. Chenge akatazama, akacheka, kwa sababu kidirishani mwezi ulikuwa umejaa.

"Saa yako inadanganya, Masele."

"Wewe ndiye huoni. Hapo kuna mwezi gani?"

Chenge alinifuata jikoni akaniambia polepole, "Tereza, mzee wako haoni. Huo mwezi anauhesabu kichwani."

Nilikasirika, sikufichi. Nilimkasirikia baba, kisha nikajikasirikia mimi ninayemwekea chakula kila siku. Hospitali walisema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na amekomaa siku nyingi. Baba akakataa upasuaji. Afadhali ukungu, alisema, kuliko giza kabisa. Akatukataza pia kukwambia, usije ukajuta kuhusu saa. Maneno yangu yaligonga mwamba. Aliyemlainisha ni Chenge, ambaye naye alishapasuliwa.

Jicho la kulia limefanyiwa upasuaji Jumanne. Kesho yake bandeji ilipotolewa alitutazama mmoja mmoja, akamwambia Gladness amenenepa. Kisha akaisogeza saa karibu, akakaa nayo.

"Kumbe ina nyota pia," akasema.

Hapo ndipo tulipojua hakuwahi kuiona, hata siku ile ulipomvalisha. Baada ya muda akauliza kama tunayo picha yako ya karibuni. Nikamkumbusha kwamba Krismasi ulikuwa hapahapa, ukikaa naye barazani kila siku. Akasema anajua, sauti yako anaikumbuka vizuri.

Kwenye simu ya Gladness zipo mbili, zote umegeukia pembeni. Tuma moja ya uso, bila miwani ya jua.

Mzee Chenge anakusalimu, na Gladness pia. Mfikishie salamu mkeo Odeta na umbusu Precious. Mungu awape afya, na njia ya kurudi nyumbani aiweke wazi.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Tereza