Msinifanyie Kesha

Kabiria, Jumatano

Mama mpendwa,

Hamjambo hapo nyumbani? Goti lako linaendeleaje na hii baridi? Mimi nasukuma maisha. Naandika kwa sababu kwa simu unaanza kuniombea kabla sijamaliza kusema, na mtu hawezi kukatiza maombi.

Mdogo wangu Everlyne ameniambia nikifika Ijumaa ya wiki ijayo wamama wa kanisa watakesha kwa ajili yangu mpaka asubuhi. Mama, tafadhali, msinifanyie kesha.

Usikasirike kwanza. Haya maumivu ya mwili mzima daktari ameyapa jina, fibromayalja. Sikurogwa, wala si uvivu kama anavyosema shangazi Senge. Nalala, lakini naamka nimechoka kama mtu aliyelima. Nisipolala maumivu yanazidi, yakizidi silali. Daktari alisema niingie kitandani saa ile ile kila siku, nisikeshe hata kwenye matanga.

Na unajua nilikuwa nimeshajaribu njia yako. Uliniambia usingizi wangu umefungwa na utafunguliwa kwa kukesha, basi nikaenda kesha ya kanisa letu hapa. Tuliimba na kuruka mpaka kukakucha. Wee! Kesho yake huko Karen ninakofua na kupiga pasi, mikono ilikataa kuinuka. Madam alinikuta nimelalia meza ya pasi, shati la mume wake linafuka moshi. Akazima pasi kwanza.

“Agnetta, nakupenda,” akasema, “lakini nyumba yangu ikiungua? Ikitokea tena, utafute kwingine.”

Tangu siku hiyo naishi kwa hofu. Kazi hii ndiyo inanilisha, ndiyo inaninunulia dawa.

Najua utasema mtoto amepoteza imani Nairobi. Sijapoteza, Mama. Lakini watu wazima wakishakusanyika wakilia kwa ajili yangu, nitawaambiaje naenda kulala? Sitaweza, nitakesha nao, na Jumatatu nitafukuzwa. Waambie wewe kabla sijapanda gari. Ukishindwa, sitakuja. Imeniuma kuliandika hilo, lakini nimeliandika.

Msalimie Baba, na Senge dada yake mwenye ulimi wake, na Nyanya, umwambie mjukuu wake bado anakula vizuri. Wamama waje Jumamosi mchana, waombe watakavyo, chai nitapika mimi. Lakini Ijumaa jioni nitandikie kitanda chumbani kwako, ufunge mlango, na yeyote akibisha, hata akiwa mchungaji, mwambie binti yangu amelala.

Ni mimi mwanao,
Agnetta