Mtumbwi Ulionasa kwenye Visiwa vya Mawe

Baba Kulwa,

Mwangaluka. Kama uko mahali unapoweza kuitikia, itikia. Kesho asubuhi ndugu zako wanamaliza matanga hapa Nkoma, na mayu, mama yako mzazi, ameshaweka wembe tayari. Nikinyolewa, mimi ni mjane, na Kulwa na Doto hawana baba. Nimekuwa nikigoma. Wanawake wanaambiana pembeni kwamba uchungu umenipanda kichwani. Haukuwa uchungu. Nilikuwa nakushuku.

Na usinune, maana kushuku ulinifundisha mwenyewe. Unakumbuka mwaka tuliooana, ukanipeleka Lamadi kwa mdogo wako Masunga, ukanipandisha mtumbwini? Mimi mtoto wa wakulima wa pamba, maji mengi niliyowahi kuyaona yalikuwa ya lambo la ng'ombe. Nilishika mbao kwa mikono miwili hadi tukafika kwenye vile visiwa vya mawe ambako haishi mtu, ni ndege tu na mavi yao meupe. Ulizima injini. Ukaniambia nichungulie, miamba ilikuwa chini ya maji kidogo tu, na vyombo vya zamani vimelala juu yake.

Ulinionyesha meli ya chuma ya wakati wa mkoloni, imebaki mbavu na tangi lililooza kwa kutu. Ukasema sangara wakubwa wanapenda kukaa mle, ndiyo maana wewe hukutaka kutega kwingine. Halafu ukanionyesha ile mashua ya pamba. Babu yako alibeba marobota kupakia mashua kama ile, yakienda Mwanza, kabla magari hayajazoeleka huku. Ukanyoosha kidole ubavuni mwake. "Hili tundu limetobolewa na nini?"

Nikasema mwamba.

"Mwamba unatoboa toka nje, mbao zinaingia ndani," ukasema. "Hizi tazama, zimetokea nje. Huyu hakuzama. Huyu alijizamisha."

Ukanisimulia habari za nahodha wake. Watu walimlilia, mkewe akanyolewa, kumbe bwana yuko Musoma, amenenepa, ana mke mwingine na duka la chumvi. Ulicheka mpaka mtumbwi ukayumba. Mimi sikucheka. Nilikuwa namfikiria yule mwanamke na upara wake.

Sasa niambie, mtu akusimulie hivyo kwa furaha, halafu naye apotelee kwenye visiwa vilevile, wewe ungeamini?

Kwenda ziwani baada ya kuuza pamba ilikuwa kawaida yako, sikatai. Lakini safari hii uliondoka na suruali ya kanisani. Suruali ya kanisani na sangara wapi na wapi? Nilipokuuliza ulisema ile nyingine imechanika, na mimi nilikuwa nimeishona kwa mikono yangu. Wiki ile nzima simu ikiita unaenda kuisikilizia nyuma ya zizi. Halafu yule mama chai wa Nyashimo, ambaye ulimsifia maandazi mbele yangu bila aibu, nilipouliza habari zake nikaambiwa amehama. Amehamia wapi, hakuna anayejua. Nikaguna.

Ndipo Masunga akanitumia picha kwenye simu. Mtumbwi wako umekaa sawasawa juu ya mwamba, kana kwamba umeegeshwa. Nikaikuza picha kwa vidole. Karibu na chini kulikuwa na tundu, si kubwa, na mbao zake zilitokea nje. Moyo ukaniambia, huyo amenitia changa la macho.

Sikulia. Watu walikuja na unga na kuni, wakakaa nami mkekani, wakanitazama macho yangu makavu. Nilimpigia Masunga nikamuuliza, "Shemeji, kaka yako yuko wapi?" Akajibu, "Shemeji, kaka yangu ni marehemu." Alijibu haraka mno. Na alipofika msibani alinikwepa waziwazi. Nikitokea uani, anahamia mbele kwa wazee. Nikipeleka chai mbele, anakumbuka ng'ombe hawajanyweshwa. Nikasema hawa wamepanga, na mayu naye anajua, ndiyo maana ana haraka ya wembe.

Juzi nikapanda gari mpaka Lamadi, sikumuaga mtu. Nilimkuta Masunga mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, anashona nyavu. Sikumpa hata salamu.

"Lile tundu nimeliona," nikamwambia. "Limetobolewa toka ndani. Kaka yako ametoboa mtumbwi wake, wewe ukampokea na chombo kingine, akaenda zake. Na mimi sinyolewi ili mnicheke."

Aliweka sindano ya nyavu chini. Nilitamani kumzaba kofi.

"Shemeji," akasema, "sisi hapa mtumbwi uliopinduka mke haonyeshwi. Unageuzwa kwanza, ndipo mtu anapiga picha. Nimeugeuza mimi."

"Umegeuza nini?"

"Ulikuwa umelala kifudifudi, umenasa kwenye miamba. Nyavu zote zilikuwa chini yake, zimekatwakatwa kwa kisu. Nanga nayo ilikuwa humo, ina vipande vya mbao kwenye meno."

"Sasa tundu je?"

Hakunitazama. "Alikuwa humo chini yake, shemeji. Nyavu zilimnasa, akatoboa kwa nanga akitafuta hewa."

Baba Kulwa, sijui nilifikaje stendi. Ndani ya gari nilikaa nimeunganisha vidole, nakipima kile kitundu. Kinatosha mdomo na pua. Sijui kama kilikufaa. Masunga anasema nyavu zilikatwa zote, kwa hiyo ulitoka humo ukaingia majini, ukiwa umechoka, na nchi kavu iko mbali. Wametafuta mpaka upande wa pili wa visiwa. Hakuna walichokiona.

Suruali ya kanisani sijui uliibebea nini. Simu za nyuma ya zizi sijui zilikuwa za nani. Labda siku nyingine nitauliza, labda sitauliza. Ila wiki zote hizi nimekutukana moyoni usiku na mchana, na matusi yale yalinisimamisha. Nilipika, nilipokea wageni, niliwapeleka watoto shule. Mtu unayemshuku anakula mahali fulani, analala mahali fulani, ana joto mwilini. Nilipoacha kukushuku nikaanguka palepale mlangoni kwa mayu, na yeye akanishika bila kuniuliza nimetoka wapi. Naye hakuwa anajua lolote, maskini. Alitaka tu mwanawe alale.

Kesho nitakaa mkekani na nitanyolewa. Kulwa na Doto wameshaambiwa.

Lakini nikuambie ukweli wangu, mume wangu, kabla ya kukuaga. Nilitaka sana uwe umenikimbia. Mwanaume aliyekimbia ningemfuata. Ningemkuta, ningemgombeza mbele za watu mpaka aone haya, na ningemrudisha nyumbani kwa watoto wake. Wewe sasa nikufuate wapi?

Mkeo,
Mama Kulwa