Fomu Inayonikinga

Oruba, Migori
Jumamosi, 14 Juni 2025

Kwa ndugu yangu Hamud, huko Kisegi,

Assalaam aleikum, nawe uniitikie hata kama mdomo umejaa samaki. Natumaini barua hii itakukuta mzima, malaria ile imekwisha kukuachia mgongo wako, na watu wa huko bado wanakuuzia omena bila kukuchanganyia mchanga. Sisi hatujambo. Pauline anakusalimu na anauliza kama ni kweli unajipikia mwenyewe, maana amekataa kabisa kuamini. Mimi nazidi kunenepa. Wiki jana nilikwama kwenye tundu la dari la mteja mmoja kule Ntimaru hadi mwenye nyumba akanivuta miguu, na baadaye akataka nimwandikie kwamba tundu lake ni la kipimo sahihi.

Utajiuliza kwa nini naandika wakati simu ninayo. Ni kwa sababu kwenye simu ungenisamehe kabla sijamaliza, na leo nataka nimalize. Nimemkabidhi Gichana wa lori la mizigo bahasha hii akuletee mkononi. Isome bila kalamu nyekundu, tafadhali. Miaka kumi na miwili sasa wewe mtu wa Lamu unakicheka Kiswahili changu, tangu siku ile nilipoingia dukani kwako nikaomba kamba mrefu.

Nianze na habari za nyumba yako niliyokukagulia. Siku dari la chumba cha Asmaa lilipoanguka, wewe ulipewa habari kwa ufupi. Shemeji Mwanamvita amenisimulia kwa urefu. Ilikuwa saa tisa mchana, mtoto amelala kitandani na kitabu, mama yake akamwita aje aoshe vikombe. Akanung'unika, akaitwa mara ya pili, akatoka akiburuta ndala. Hajafika bombani, dari la kona ile likashuka lote juu ya kitanda, vumbi likatoka dirishani kama moshi. Sasa Asmaa anamsimulia kila anayepita, na kila mara dari linaongezeka ukubwa. Anasema vikombe vilimwokoa maisha, lakini sijasikia kwamba anaviosha kwa furaha zaidi.

Kilichoniuma ni kingine. Shemeji alinimiminia chai, akaniambia kwamba wewe umesema kosa ni lake, kwa kuwa alipandisha marobota ya kanga juu ya dari. Hakulalamika. Alisema una haki, ulimwambia mapema kwamba dari si stoo. Sasa wanalala sebuleni, yeye na mtoto, na kila mgeni akiuliza, anajitaja yeye kwanza. Halafu, Hamud, akaniomba msamaha mimi. Eti ameiharibia sifa kazi yangu nzuri. Niliinywa chai ile yote bila kuisikia ladha.

Nikarudi nyumbani nikakuta ujumbe wako kwamba nisihuzunike, fomu iko wazi na wewe uliitia sahihi. Naikumbuka siku hiyo. Uliisaini juu ya gunia la mchele, ukacheka kwamba sisi watu wa bara tunaogopa hata mbao. Fomu inasema nakagua kinachoonekana na kufikika, na kwamba mnunuzi hatanidai kwa kasoro iliyojificha. Karani wa wakili aliniandikia nilipoanza kazi hii ya kukagua na kuuza nyumba, na tangu hapo naibeba kama mtu abebavyo mwavuli.

Ninayo pia bima ya makosa ya kazi. Ken, kijana aliyeniuzia, aliposikia habari alikuja mwenyewe na pikipiki. Alinishauri vizuri, kama rafiki. Alisema fomu inanikinga, nitulie. Nisiandike chochote, nisimwambie mteja kwamba nimekosa, maana siku nikikiri kwa mdomo wangu kampuni inaweza kunawa mikono. Hata pole, alisema, niitoe kwa uangalifu. Nikamuuliza pole ya uangalifu inatolewaje. Akakohoa, akasema kama kwenye matanga ya mtu usiyemjua.

Basi nikatulia. Nilitulia wiki tatu, na unajua mimi si mtu wa kutulia.

Juzi nikampeleka fundi Monari akasafishe chumba. Hakupita hata nusu saa akaniita. Alishika kipande cha mbao ya paa akakifikicha kwa vidole, kikamwagika kama mkate uliokauka. Mchwa, akasema, na si wa mwaka huu wala mwaka jana. Akanionyesha upande wa pili, yalikokuwa marobota ya kanga. Mbao za huko ni nzima, na marobota mawili yalikuwa bado yamekaa pale pale alipoyaweka shemeji. Dari lilianguka kwenye kona ambayo haikuwa na hata leso moja juu yake. Monari akauliza nani alikagua nyumba hii. Nikamwambia ni mzee mmoja haoni vizuri. Tukacheka wote. Mimi nilicheka hadi nikafika getini, kisha kicheko kikanishinda.

Sasa nisikilize. Ulijua nyumba ile ilikuwa ya Mama Pauline, mama mkwe wangu, kabla hajahamia kwa mwanawe mjini Homa Bay. Hilo sikukuficha. Usilolijua ni kwamba kwetu Wajaluo mwanamume haingii chumba anacholala mama mkwe wake. Kitanda chake hata kukiona si heshima. Na chumba cha Asmaa ndicho kilichokuwa chake.

Siku ya ukaguzi nilikwenda na tochi na bisibisi. Sebule, jikoni, bafu, vyumba vitatu, kote nilichokonoa mbao hadi mama mkwe akasema nitamwangushia nyumba kabla hajaiuza. Nilipofika kwenye mlango wake nikasimama, nikageuza uso ukutani, nikamuuliza kama dari la humo liko salama, halina mchwa. Akanijibu kutoka ndani kwamba halijavuja tangu marehemu baba mkwe alipoezeka. Nikamshukuru. Kwenye fomu nikaandika: chumba cha nne, dari zuri.

Hivyo, ndugu yangu, chumba alichokuwa analala binti yako kilikaguliwa kwa neno la muuzaji. Silaumu mila, ningeweza kumtuma Monari aingie badala yangu. Lakini nilikuwa nimekujigambia kwamba mimi nafanya kazi peke yangu na halinipiti kitu. Na yule mama naye hakudanganya. Nilimuuliza kuhusu mchwa, akanijibu kuhusu mvua, nami nikafurahi kuondoka mlangoni. Kasoro ile haikujificha. Mimi ndiye niliyejificha nisiione.

Ndani ya bahasha kuna fomu yenyewe, ile ya asili. Nimeuzungushia wino mstari wa chumba cha nne. Ipeleke pamoja na barua hii kwa wakili, kwa kampuni ya Ken, popote upendapo. Monari anaanza kazi Jumatatu. Mbao na ufundi ni juu yangu, bima ikubali ikatae. Mama mkwe nitamweleza mwenyewe, nikiwa nimesimama nje ya mlango kama kawaida.

Nina ombi moja. Kabla hujanikasirikia, na unayo haki, mpigie kwanza Mwanamvita umwambie kanga zake hazikufanya kitu. Ningemwambia mimi, lakini neno lililomuumiza lilitoka kwako, na la kumtibu litoke huko huko. Nikifika na Monari Jumatatu asubuhi nikamkuta bado anajilaumu, nitamsomea nakala niliyobaki nayo, mbele ya Asmaa, pamoja na makosa yangu yote ya Kiswahili.

Wasalimie wote hapo Kisegi, na usile omena usiku. Pauline anasema ukirudi utakuta chapati, hata kama mimi na wewe hatutakuwa tunasemezana.

Ni mimi mkaguzi wako, kama jina hilo bado ni langu,

Boaz Omanga

Nimetia sahihi hapo juu kwa mkono wangu, na tarehe ipo. Wakili wako atakwambia inatosha.