Waya Uliovuka Njia ya Baiskeli

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Ruiru. Jumamosi, tarehe 8 Juni 1957.

Jina: Magdalene Ngina, mke wa Gerishon Muigai
Umri: miaka 34 hivi
Kazi: kuuza uji
Makao: nyumba ya mlinzi, ukingoni mwa uwanda wa serikali, Ruiru

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Sajini Wambua amenieleza kwamba mke halazimishwi kutoa ushahidi juu ya mume wake. Nimeelewa. Nimemwambia aandike.

Mume wangu ni mlinzi wa ule uwanda wa miti na nyasi ulio kati ya barabara na mto. Umezuiwa kwa ajili ya maji ya mji. Hakuna kulisha ng'ombe, hakuna kukata kuni, hakuna kupita. Lakini tangu mwaka jana watu wa kinu cha kahawa wamekuwa wakipita humo kwa baiskeli, kwa sababu kuzunguka kwa barabara ni mbali. Walianza wawili watatu, sasa ni wengi. Magurudumu yamechimba mfereji, na mvua ya mwezi wa nne iliteremsha udongo wote mtoni. Gerishon aliziba kwa miiba. Asubuhi aliikuta imetolewa na kupangwa kando. Akaziba kwa magogo. Wakayazunguka, zikawa njia mbili.

Njia hiyo inatokea mahali ninapouzia uji. Wote hunywa kwangu kabla ya kuingia kazini. Wa kwanza kila siku ni Erastus Barasa, mtu wa Kakamega, kwa sababu ndiye anayewasha moto wa mashine. Ni mtu wa maneno mengi na kicheko. Huniita shemeji. Kati yangu na yeye hakuna kitu, na nasema hivyo kwa sababu najua nitaulizwa.

Mwishoni mwa mwezi wa tano mzungu mkaguzi alikuja akaiona njia. Alimwambia Gerishon mbele yangu kwamba akiziona tena alama za magurudumu, atatafuta mlinzi mwingine. Afande anajua hayo ni maneno gani kwetu. Kazi ikiisha, kibali cha kukaa Ruiru kimeisha, na sisi tunarudishwa kwetu Fort Hall na binti yetu Warigia na wadogo zake. Tangu siku hiyo Gerishon hakula vizuri. Aliniambia, "Ni wewe unawaita na uji wako." Siku nyingine akasema, "Huyo Barasa anacheka sana hapo kwako. Anacheka nini?" Nilimjibu kwamba mtu akinunua uji simuulizi anacheka nini.

Jumatano tarehe 5, jioni kabla ya giza, nilimwona akitoka na waya wa ua na koleo. Nilimuuliza anaenda wapi. Alisema ua umelegea upande wa mto. Nilitazama alikoelekea. Hakuelekea upande wa mto.

Alhamisi tarehe 6 niliwasha moto wangu kabla ya saa kumi na mbili. Kulikuwa na ukungu mwingi, mti wa karibu ulionekana kama mtu. Nilisikia kengele ya baiskeli ya Barasa. Huwa anaipiga akifika kwenye magogo ili nimchotee uji. Nikachota. Kisha nikasikia kitu kimeanguka, na sikusikia sauti ya mtu. Baadaye kidogo nikasikia Odhiambo, anayekuja nyuma yake kila siku, akipiga kelele, "Barasa! Barasa!"

Nilikimbia. Barasa alikuwa chini kwenye nyasi, ameshika shingo, na damu ilikuwa inatoka katikati ya vidole. Gurudumu la mbele lilikuwa bado linazunguka. Nilivua leso nikamfunga. Odhiambo alipanda baiskeli yake akaenda kinuni kuita gari.

Wakati huo Gerishon alitokea kwenye ukungu. Hakuuliza ni nani ameumia. Alipita karibu nasi, akaenda kwenye mti, akakata kwa koleo waya uliokuwa umevuka njia, kisha akaenda kwenye mti wa pili akakata tena. Aliukunja akauweka ndani ya koti. Ndipo aliponitazama. Alisema, "Mama Warigia, hukuona kitu." Barasa alikuwa anamtazama. Macho yake yalikuwa wazi.

Gari lilikuja likampeleka hospitali; yuko hai, lakini mpaka leo hawezi kusema. Polisi walipofika hawakuona waya. Waliona shingo imekatwa, na wakaambiwa kwamba Odhiambo alikuwa naye peke yake na kwamba walikuwa wamegombana Jumapili. Walimkamata Odhiambo. Nilikuwa nimesimama hapo na kikombe mkononi. Sikuulizwa, na sikusema.

Jana mchana Apiyo, mke wa Odhiambo, alikuja kwangu na mtoto mgongoni. Hakulia. Alisema, "Mama Warigia, wewe ndiwe ulikuwa hapo. Niambie tu kama ni yeye, nirudi kwetu nikawaambie wazee." Nilimwambia sijui. Alimkaza mtoto mgongoni, akanishukuru, akaondoka. Kunishukuru kwake ndiko kulikonishinda.

Gerishon aliporudi nilimuuliza waziwazi. Alisema, "Nilitaka waogope, basi. Nilifunga kitambaa chekundu katikati ili mtu akione aende kando. Kile chako cha kichwa, nilikitoa kwenye sanduku. Labda upepo ulikichukua." Nilimwambia kwamba Alhamisi hapakuwa na upepo, palikuwa na ukungu. Alisema, "Baiskeli hawataleta tena. Tutakaa." Kisha akaomba chakula.

Leo asubuhi alipoenda kazini nilifungua sanduku. Kitambaa chekundu kilikuwa chini ya nguo za Krismasi, kimekunjwa jinsi ninavyokunja mimi. Hakikuguswa. Nilitafuta tena, nikakuta waya chini ya gunia la mahindi. Nimeuleta. Ni ule ulio mezani kwa afande.

Gerishon alijua Barasa hupita wa kwanza. Sijui kama waya ule ulikuwa wa baiskeli au ulikuwa wa mtu mmoja, na hilo sikumuuliza, kwa sababu angenijibu. Huyo ni mume wangu wa kanisani. Hajawahi kunipiga. Mwaka ule serikali ilipotuhamisha kwa nguvu alimbeba mama yangu mgongoni mpaka kijiji kipya. Nimesema hayo nayo yaandikwe.

Niliyoyaona kwa macho yangu yameishia hapo. Nimesomewa kwa Kiswahili, ni maneno yangu, sina la kufuta.

Alama ya kidole gumba: Magdalene Ngina

Maandishi ya ofisa: Nimeyaandika maelezo haya mimi, Sajini J. Wambua, na kumsomea shahidi. Nimepokea waya wenye urefu wa pima mbili, una damu iliyokauka. Odhiambo ametolewa mahabusu saa nane mchana. Konstebo wawili wametumwa uwandani kumleta Gerishon Muigai. Kabla ya kutia kidole shahidi aliuliza kama mumewe atasomewa maneno haya. Nilimjibu kwamba atasomewa. Akasema: "Basi ongeza hapo kwamba hakuna mtu aliyenileta. Nilikuja kwa miguu yangu." Nimeongeza.